Mashine Iliyokubali Nikiwepo Tu

Juzi nilialikwa chuoni Njoro niwaambie wanafunzi wa kompyuta mambo ya kazi. Nikapewa dakika kumi. Dakika kumi! Mimi nikisalimia watu vizuri, dakika kumi zimeisha. Nilikuwa ndiyo naingia kwa hadithi yenyewe, jamaa mmoja mwenye tai akainua mkono kunionyesha saa, watu wakapiga makofi, nikapewa soda. Kwa hivyo vijana, nyinyi mliokuwa hapo na nyinyi ambao hamkuwa, hii ndiyo ile nilitaka kusema. Hapa hakuna mtu wa tai.

Naitwa Tabitha. Nimeandika programu miaka mingi katika chama cha ushirika cha wafugaji, ofisi kuu ikiwa Nakuru mjini na vituo vya kupokea maziwa vikiwa huko juu kwa baridi. Nikiwa karibu waliniita Madam. Nikitoka waliniita Pilipili, na sikatai, nilikuwa na mdomo. Ukileta kosa kwa meza yangu, ulirudi nalo na lingine juu yake.

Nataka kuwaambia juu ya draiva. Kama wewe si mtu wa kompyuta, usikimbie, ni kitu rahisi. Programu haiwezi kuongea yenyewe na hifadhidata, lile ghala la rekodi. Inahitaji faili ndogo katikati, inayojua lugha ya hifadhidata hiyo, na hiyo ndiyo tunaita draiva. Mimi nilifundishwa na Mzee Nahashon, aliyekuwa mkubwa wangu ofisini na pia mzee wa kanisa, na kila kitu alikieleza kikanisa.

"Tabitha, umewahi kuona mhubiri mgeni anahubiri Kiingereza, na mkalimani amesimama kando?"

"Nimeona, mzee."

"Sasa mkijenga kanisa, mnamjenga mkalimani ndani ya ukuta?"

"Aa, hapana."

"Mnamwita lini?"

"Mhubiri akifika."

"Basi. Usijenge draiva ndani ya programu. Iite programu ikiamka. Leo mhubiri ni Mwingereza, kesho atatoka Korea. Kanisa ni lile lile, unabadilisha mkalimani tu."

Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu hifadhidata ya Nakuru ilikuwa kubwa na ya aina moja, na zile za vituoni zilikuwa ndogo na za aina nyingine. Programu ilikuwa moja. Kwa hivyo tuliandika jina la draiva, na mahali ilipo, kwa faili ya mipangilio kando. Programu ikiwaka inasoma ile faili, inaenda pale imeambiwa, inachukua draiva, kazi inaanza. Ukifungua kituo kipya unabadilisha mistari miwili na unaenda nyumbani. Siku ya kwanza nilipoona ikikubali nilipiga meza kwa furaha, nikamwaga chai ya Mzee Nahashon.

Nyinyi mmerahisishiwa. Siku hizi draiva nyingi hujitangaza zenyewe. Unaiweka kwa folda inayofaa, programu inaiona, hata jina hutaji. Sisi tuliita kwa jina, na kama mwenye jina hayuko, hakuna aliyekuonya mapema. Programu ilijengeka vizuri, ikanyamaza, ikangoja iko mbele ya watu ndiyo ikuaibishe. Mambo ya kuita vitu programu ikiwa tayari imewaka, yako hivyo mpaka leo. Hujui kama mkalimani amekuja mpaka mhubiri asimame afungue mdomo.

Kuna siku tulikuwa na draiva mbili kwa folda moja, ya zamani na mpya, na programu ikawa inashika ile ya zamani kila mara. Nililaumu hifadhidata, nikalaumu stima, nikamlaumu fundi wa stima. Mzee Nahashon akaja, akafungua folda, akafuta moja, akaenda zake. Hiyo wiki sikumsalimia.

Na kuna hili, ambalo ndilo baba ya yote. Makarani wa vituoni walikuwa wakiona kosa kwa skrini, ile mistari mirefu ya Kiingereza, wanaogopa na kupiga simu wakidhani wameua kompyuta. Nikaona niwasaidie. Nikaandika programu imeze kosa lolote, na badala yake itoe maneno mazuri ya heshima: Mfumo haupatikani. Wasiliana na ofisi. Nilijipenda hiyo siku! Mzee Nahashon akasoma, akavua miwani.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," akasema.

"Mzee, hao makarani hawaelewi hayo makosa."

"Na wewe ukitaka kuelewa, utayasoma wapi?"

Nikasema moyoni, huyu amezeeka. Mwaka huo akastaafu, na mimi nikapewa kiti chake.

Sasa mjue jambo moja kuhusu watu wa kazi yetu wakati huo. Vituo havikuwa na intaneti, kwa hivyo rekodi zilibebwa kwa flashi. Kila mmoja wetu alivaa flashi shingoni kwa kamba, na ilikuwa cheo. Ukifika kituo bila flashi shingoni, mlinzi alikuuliza unatafuta nani. Kitu cha kwanza ukiingia, hata kabla hujaulizwa umeamkaje, ulichomeka flashi. Yangu ilikuwa na kila kitu: programu, draiva, dawa ya virusi, na nyimbo za kwaya yetu.

Tukafungua kituo kipya juu ya Njoro. Karani akaajiriwa msichana anaitwa Jerusha, mpole, sauti ndogo, mwandiko wa kupendeza. Kazi yake ilikuwa kupokea maziwa kuanzia asubuhi. Watu wanakuja na punda, na boda boda, na wengine madebe mgongoni. Jerusha anatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinaonyesha kama maziwa yameongezwa maji, anaandika kwa kompyuta. Programu inakumbuka huyu mkulima ni nani na kama amewahi kushikwa na maji, kisha inatoa karatasi. Nikaenda, nikaweka mashine, nikajaribu, ikakubali. Nikawa nimebakisha vitu viwili vitatu vya kumalizia, Jerusha akaniita nje.

"Madam, chai iko tayari. Na kuna viazi vimetoka kwa jivu saa hii."

Vijana, kama hujakula kiazi cha huko juu na chumvi, kwa ile baridi, usinihukumu. Nilikula vinne. Kisha gari ya ofisi ikapiga honi, nikachomoa flashi, nikaenda.

Kesho yake asubuhi, mfumo haupatikani, wasiliana na ofisi. Nikafika saa nne nimekasirika, nikachomeka flashi, nikafungua programu. Ikakubali bila hata kukohoa. Nikamwangalia Jerusha.

"Ulikuwa unaguza nini?"

"Sikuguza kitu, Madam. Niliwasha tu."

"Uliwasha tu. Na mimi nimefanya nini?"

"Umewasha tu."

Siku hiyo ikafanya kazi mpaka jioni, hata baada ya mimi kuondoka. Akaizima vile sheria ilisema. Asubuhi, imekataa. Ikawa hivyo wiki tatu. Nilikuwa naenda Jumanne na Ijumaa, na siku hizo mbili, nikishafika, mashine ilikuwa malaika. Siku zingine, Jerusha aliandika kwa mkono kwa daftari huku foleni imefika barabarani. Vituo vingine vyote, programu ile ile, hakuna shida. Wakulima wakaanza kucheka eti mashine inamjua mwenyewe. Mimi nilikuwa sicheki. Nilimfokea yule msichana mbele ya watu, mara mbili, na nikamwambia kompyuta si jiko la kuni. Baadaye alianza kuandika kila kitu anachofanya kwa daftari la shule, dakika kwa dakika, akanipa nisome. Nikaliweka kando. Ningesoma daftari la karani kunifundisha programu yangu? Mimi, Pilipili?

Hapo ndipo meneja wetu, Bwana Simeon, alipoingia. Simeon hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na kichwa cha kuunganisha mambo. Mashine ikikataa, maziwa yanaandikwa kwa mkono. Yakiandikwa kwa mkono, hakuna anayekumbuka ni nani alishikwa na maji. Na kumbe shemeji yake Jerusha aliwahi kushikwa na maji.

"Huyu msichana anaharibu mashine makusudi," Simeon akaniambia. "Analinda watu wake. Wewe niandikie tu ripoti, mashine ni nzima au si nzima?"

Nikaandika. Mpaka leo nayaona yale maneno na mwandiko wangu. Mfumo hauna kasoro. Kosa ni la mtumiaji. Nikatia sahihi.

Kamati ikaamua kukaa palepale kituoni, Jumanne saa nne asubuhi, wamsikie kisha wamfute kazi. Na hapo msidhani ni kibarua tu kilikuwa kinaenda. Huko juu kila mtu anaishi kwa maziwa. Ukiitwa mtu wa kuchezea maziwa, hata kanisani unaachiwa benchi peke yako. Nani angemwajiri tena? Nani angemwoa? Mama yake alikuwa anauliza watu sokoni kama ni kweli.

Jumanne ikafika. Niko katikati ya barabara kwenda Njoro, nikashika shingo, hakuna flashi. Jumapili nilikuwa nimempa mwenyekiti wa kwaya achukue nyimbo, na nikaisahau kwake. Nikajiskia kama nimetoka bila viatu. Lakini nikasema haidhuru, leo si siku ya kubeba rekodi, ni siku ya kuonyesha tu.

Kituoni kamati walikuwa wamekaa, wazee watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye koti la manyoya. Simeon alikuwa kando. Wakulima walijaa dirishani. Jerusha alisimama ukutani na ile nguo yake ya kanisa, na mkoba wake ulikuwa sakafuni, umejaa. Alikuwa tayari ametoa vitu vyake kwa droo.

"Madam Tabitha," Simeon akasema, "onyesha kamati kwamba mashine haina shida."

Nikakaa. Nikawasha. Nikabonyeza mara mbili, nikaegemea nyuma kama mtu anayengoja kupongezwa.

Mfumo haupatikani. Wasiliana na ofisi.

Mwenyekiti akainama, akasoma polepole kwa sauti. Kisha akaniangalia. "Ofisi si ni wewe?"

Dirishani watu wakaangua kicheko. Nikazima, nikawasha. Haupatikani. Mara ya tatu, haupatikani. Asubuhi ya Njoro yenye ukungu na mimi natokwa na jasho! Na sikuwa na pa kushika, kwa sababu kosa lenyewe, ile mistari mirefu ya Kiingereza ambayo ingeniambia kila kitu, nilikuwa nimeimeza mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Hapo nikamkumbuka Mzee Nahashon na miwani yake. Aki nilimkumbuka.

Kisha nikaskia sauti ndogo ukutani.

"Madam, leo hujaweka flashi."

"Na flashi inahusu nini?" nikamfokea, mdomo ukiwa bado haujajua uko taabani.

Jerusha akainama, akatoa lile daftari kwa mkoba, akafungua. Akasoma. "Jumanne. Nimewasha saa kumi na mbili na dakika kumi. Imekataa. Madam amefika saa nne. Ameweka flashi. Imekubali. Madam ametoa flashi, ameenda. Imeendelea mpaka nimezima jioni. Jumatano. Nimewasha. Imekataa." Akafungua ukurasa mwingine. "Ijumaa. Nimewasha. Imekataa. Madam amefika. Ameweka flashi..."

"Wacha," nikasema. "Ngoja."

Nikafungua faili ya mipangilio. Mstari wa jina la draiva, sawa. Mstari wa pili, mahali ilipo. Haukusema kwa kompyuta. Ulisema kwa flashi. Ile siku ya kwanza nilikuwa nimeielekeza kwa flashi nijaribu tu, halafu niinakili draiva ndani na nibadilishe mstari, na nikaitwa viazi. Wiki tatu! Wiki tatu kila nikichomeka flashi, programu inaamka, inapata draiva, inaiweka kwa kumbukumbu. Nikichomoa, tayari iko nayo, inaendelea siku nzima. Jioni ikizimwa, inasahau. Asubuhi inaamka, inaenda kuitafuta pale iliambiwa, na draiva iko Nakuru shingoni mwangu. Na hata kompyuta ilikuwa inanionya kila nikichomoa, eti kifaa bado kinatumika. Nani kati yenu husoma hiyo? Nilikuwa nachomoa tu kama vile nyote huchomoa.

Nyani haoni kundule. Na mimi nilikuwa nimeandika la mwenzangu na kulitia sahihi.

Simeon akasogea karibu. Aliniona nimebadilika uso. "Labda ni stima, Madam?" akaniuliza polepole. "Huku stima ni mbaya."

Vijana, sitawadanganya. Nilitaka kusema ndiyo. Kila mtu huamini stima. Ningesema stima, kamati ingekunywa chai, ningerudi Ijumaa na flashi, nirekebishe kimyakimya, na jina langu lingebaki safi. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaona ule mkoba sakafuni, na kikombe cha Jerusha cha chai kimechungulia juu, kimefungwa kwa gazeti kisivunjike.

"Si stima," nikasema. "Kosa ni langu. Huyu msichana hajaguza kitu."

Nikawaeleza kwa njia ile ile nilielezwa, ya kanisa, maana sikuwa na nyingine. Nikawaambia mkalimani wa hii mashine nimekuwa nikirudi naye nyumbani kila siku, halafu nawalaumu waumini kwamba hawaelewi mahubiri. Mzee mmoja wa kamati akacheka hadi akakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua ripoti yangu kwa meza akanirudishia.

"Hii andika ingine," akasema. "Hapa hapa. Sisi tunangoja."

Nikaandika kwa mkono. Mfumo ulikuwa na kasoro. Kosa ni la aliyeuandika. Nikatia sahihi, na mkono ulikuwa mzito, lakini nilipomaliza, jameni, nilipumua. Sikuwa nimejua vile nimebeba ule uongo hata kabla sijajua ni uongo. Nilipumua kama mtu ametoka kwa daktari akaambiwa si ugonjwa ule aliogopa.

Jerusha alikuwa bado ameshika daftari.

"Kwa hivyo si mimi?" akauliza.

"Si wewe."

"Hata ile siku ya kwanza?"

"Hata ile siku ya kwanza. Nisamehe, Jerusha."

"Nimekuwa nikiiombea," akasema. "Kila asubuhi naweka mkono juu yake kwanza, naomba, ndiyo nawasha. Nilidhani nina mkosi. Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi." Kisha akaketi juu ya debe akalia, na wamama wa dirishani wakaingia ndani bila ruhusa ya mtu wakamzunguka, mmoja akimfungulia ule mkoba na kurudisha vitu kwa droo, kimoja kimoja.

Nilirudi Nakuru hiyo hiyo saa nikamfuata mwenyekiti wa kwaya kazini kwake, nikachukua flashi. Alasiri nikarudi kituoni, nikainakili draiva ndani ya kompyuta, nikabadilisha mstari. Kisha nikatoa yale maneno yangu ya heshima, nikaacha kosa liseme lenyewe kwa jina lake. Nikazima na kuwasha mara tatu bila flashi. Kwa hivyo mkinitaka niwape wosia, ni huo: ukimaliza kuweka kitu, chomoa kila kilicho chako, zima, washa, na umwache mwenye kazi ajaribu wewe ukiwa nje. Na msiwamezee watu makosa yao, wala yenu. Mengine mtasoma kwa vitabu.

Lakini sikulala vizuri. Mara tatu ni mara tatu. Asubuhi ni asubuhi. Jumatano haikuwa siku yangu, na bado saa kumi na mbili kasoro nilikuwa Njoro, nimejifunga leso kichwani, nimesimama kwa foleni nje ya kituo katikati ya punda na madebe. Sikutaka kuingia. Nilitaka kuskia tu.

Jerusha akafungua mlango. Taa ikawaka. Nikaanza kuhesabu moyoni, na mama mmoja nyuma yangu akaniuliza mbona sina maziwa. Kisha nikaskia ile printa ikikwaruza, na karatasi ya kwanza ikachanwa.

"Anayefuata!"

Sikuwa nimewahi kuskia huyo msichana akipaza sauti. Foleni ikasonga, nami ndani yake, nikasukumwa mpaka nikajipata dirishani, uso kwa uso na yeye. Akashtuka kidogo.

"Madam? Kuna shida?"

"Hakuna."

"Basi tafadhali songa, watu wanangoja."

Nikasonga. Nilifika barabarani nacheka peke yangu na machozi yananitoka, na kijana wa boda boda aliyenibeba akageuka kuniuliza, pole mathe, umefiwa? Nikamwambia hapana, kuna mtu amebaki kazini.